Taniboi, kabari na Kiswahili cha barabarani

WIKI iliyopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea orodha ya msamiati wa magari makubwa aliyoikusanya kwa ajili ya tasnifu yake. Maneno mia na kitu, yamepangwa kialfabeti, kila neno na maana yake. Kazi safi. Ila mbele ya baadhi ya maneno alikuwa ametia kinyota, na chini ya ukurasa akaeleza kwamba kinyota ni ishara ya 'lugha ya mitaani, si sanifu'. Neno taniboi lilikuwa na kinyota. Nikaweka kalamu chini nikamwambia, "Binti yangu, huyu uliyemtia kinyota ni mimi."

Alicheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania. Mnamo Desemba 1976, nikiwa na umri wa miaka 17 na shule zimefungwa, nilipanda nyuma ya lori la Bedford lililoendeshwa na baba yangu, nikawa taniboi wa pili. Kazi hiyo niliifanya likizo tatu. Msomaji mpenzi, safu hii huwa inajadili ngeli, fasihi na sera za lugha, lakini leo nitaomba radhi niongee kuhusu malori, kwa sababu naona kuna historia ya Kiswahili ambayo hatujaiandika na wenye kuijua wanatutoka mmoja mmoja.

Kwanza lori lenyewe. Bedford ilikuwa chapa ya malori ya kampuni ya Vauxhall ya Uingereza, na malori hayo yalianza kutengenezwa mwaka 1931 mjini Luton. Lile la baba lilikuwa la aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1958, lenye pua ndefu mbele, boneti ya kufunuliwa na taa mbili za duara kama macho ya mtu aliyeshtuka. Aina hiyo iliuzwa kwa wingi barani Afrika na Asia kwa sababu ilikuwa nyepesi kutengenezeka. Fundi mwenye spana chache na akili yake aliweza kuifungua chini ya mwembe na kuifunga tena kabla ya magharibi. Kiwandani ilitoka kabini na chesisi tu. Bodi ya mbao ilijengwa huku kwetu, mara nyingi na mafundi Kalasinga, jina ambalo Wakenya waliwapa Masingasinga kutokana na mfanyabiashara mmoja wa zamani aliyeitwa Kala Singh. Vipuri vilitafutwa Grogan, ambayo siku hizi ni Kirinyaga Road, na hata leo ukimwambia mtu wa magari 'Kirinyaga Road' atakuuliza, "Unamaanisha Grogan?"

Lori letu lilibeba tani 7. Katika misafara ya karne ya 19 mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo 30 hivi. Piga hesabu: Bedford moja ilibeba mizigo ya wapagazi zaidi ya 230. Naitaja hesabu hii kwa sababu watu hudhani lori lilianza historia mpya. Mimi naona lilirithi ya zamani. Safari, msafara, kambi, mzigo, kupakia na kupakua ni maneno yaliyokuwa yakitumika barabarani na majahazini kabla injini haijafika. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ilichukua njia ya misafara na maneno yake. Wapagazi hawakuisha hapo, maana Vita Vikuu vya Kwanza viliwarudisha kwa nguvu. Mitaa ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi cha wachukuzi, Carrier Corps, ambacho maelfu ya watu wake hawakurudi nyumbani.

Vita vya Pili ndivyo vilivyotupa madereva. Jeshi liliwafundisha vijana wengi wa Afrika Mashariki kuendesha malori ya kupeleka vyakula na risasi Somalia na Uhabeshi, na baadaye Burma. Walirudi na leseni, na walirudi na lugha. Wataalamu wanakijua Kiswahili cha jeshi kwa jina la KiKAR, kutokana na kikosi cha King's African Rifles, na mara nyingi tunakisema kwa dharau: Kiswahili kilichovunjika, kisicho na upatanisho wa kisarufi. Sawa. Lakini mzee aliyemfundisha baba yangu gari katika miaka ya 1950 alikuwa mmoja wa hao waliorudi Burma. Alimfundisha kwa maneno yale yale ya kambini: gia, klachi, breki, jeki, spana, pancha. Mtu wa Taita, mtu wa Kitui na mtu wa Kakamega walisimama chini ya boneti moja wakaelewana. Hakuna kamati ya istilahi iliyokutana.

Tazama pia umbo la maneno hayo. Neno dereva limeingiza irabu kati ya d na r, likatii kanuni ya silabi za Kiswahili kama kijana mwenye adabu. Breki, klachi na springi hayakutii, yaliingia na konsonanti zao zimebebana vilevile. Nadhani dereva lilifika mapema, wakati Mswahili alikuwa bado analazimisha kila mgeni avue viatu mlangoni. Haya mengine yalikuja kwa kishindo na kwa wingi, hakukuwa na nafasi ya kuwavua viatu wote.

Na taniboi? Ni turnboy wa Kiingereza, hilo halina ubishi. Swali ni kwa nini 'turn'. Madereva wa rika la baba walieleza kwamba malori ya zamani yaliwashwa kwa kuzungusha chuma cha handeli mbele ya injini, na kijana wa kuzungusha ndiye aliyepewa jina. Mimi nawaamini, kwa sababu niliizungusha. Betri ilipokufa tukiwa Kibwezi, Mjomba alinipa handeli akaniambia nisiizungushe kidole gumba kikiwa kimeishika. Weka vidole vyote upande mmoja, kwani injini ikirudi nyuma itakivunja. (Mjomba namwita hivyo kwa heshima. Hakuwa ndugu ya mama. Alikuwa taniboi wa kwanza, mtu wa makamo, na baba alimwita 'mdogo wangu'.)

Safari yetu ya kawaida ilikuwa kupandisha saruji kutoka Mombasa na kuteremsha mahindi kutoka Kitale. Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi, na sisi tulizimaliza kwa usiku mzima na sehemu nzuri ya mchana. Barabara ilikuwa na lami wakati huo. Baba aliijua tangu ilipokuwa ya vumbi jekundu, hasa ile nyika ya Taru, na kila tulipofika Mackinnon Road alisema vilevile, "Hapa zamani tulikula udongo." Hapo Mackinnon Road kuna msikiti kando ya reli wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, mnyapara Mpunjabi wa enzi za ujenzi wa reli, ambaye inasimuliwa kwamba karai la mzigo wake lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Madereva wa dini zote walipunguza mwendo pale. Wengine walisimama wakatoa sadaka. Baba alikuwa Mwanglikana, lakini hakuwahi kupita bila kupunguza gia. Na Makindu tulikula bure, kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambako msafiri hulishwa bila kuulizwa dini yake. Chapati, dengu na chai. Nilikuwa kijana mwenye njaa ya kudumu, na mpaka leo nikisikia neno ukarimu akilini inakuja harufu ya dengu.

Lugha nyingine niliyojifunza haikuwa na maneno kabisa. Lori lililo mbele likikuwashia taa ya ishara ya kushoto wakati halikati kona, maana yake ni pita, njia ni nyeupe. La kulia: tulia, kuna gari linakuja. Matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani yalimaanisha kuna mwenzenu ameharibikiwa mbele. Taa za mbele zikipepeswa mara mbili na anayekuja, kuna askari. Hakuna aliyeandika sheria hizi, na atakayekiuka ile ya matawi kwa kuyaacha barabarani baada ya kuondoka alitukanwa kuanzia Voi mpaka Malaba.

Sasa nifike kwenye kabari. Taniboi alikuwa na kazi nyingi: kupakia, kufunga turubai, kuosha, kupika ugali kando ya gurudumu, kulala juu ya mzigo ili usiibwe. Kazi iliyompa heshima ilikuwa moja tu. Kwenye mlima mkali alishuka nyuma ya lori akiwa na kabari, kipande kizito cha mti kilichochongwa umbo la pembetatu, ili injini ikishindwa na lori likaanza kurudi nyuma, alitie chini ya gurudumu.

Tulikuwa tunarudi kutoka Kitale na magunia karibu 80 ya mahindi, kila gunia kilo 90. Karatasi za kibali zilikuwa mfukoni mwa baba, maana siku hizo hukuweza kuhamisha mahindi kutoka wilaya hadi wilaya bila kibali, na kila kizuizi cha polisi kilitaka kukiona, pamoja na mambo mengine. Tulipita lile kanisa dogo la Mai Mahiu lililojengwa na wafungwa wa kivita Waitaliano mwaka 1942, walipokuwa wakichonga barabara ya kupanda Bonde la Ufa. Tukaanza kupanda. Gia ya tatu, ya pili, ya kwanza. Mwendo wa mtu anayekwenda mazishini. Mjomba upande wa kulia, mimi wa kushoto, tukitembea nyuma ya lori katika moshi.

Injini ikazima. Kuna ukimya unaofuata hapo ambao sijausikia mahali pengine. Halafu mbao za bodi zikalia, na gurudumu likaanza kuja kwangu. Mjomba akapiga kelele neno moja, "Tia!" Nikatia. Kabari ikakamata, lori likatulia, ila kidole changu cha kati cha mkono wa kushoto kilikuwa hakijatoka vizuri. Baba aliteremka. Aliangalia gurudumu kwanza, kisha kabari, kisha kidole. Alikifunga kwa kitambaa cha kufutia mafuta akasema, "Umefanya kazi, mwanangu." Kidole hicho kimepinda hadi leo. Wanafunzi wangu hudhani ni ugonjwa wa baridi yabisi.

Basi kabari nililijifunza hapo, si darasani. Ni neno sanifu kabisa, lina hadhi zote, na wala halikuhitaji kuombewa kura. Barabarani lilikaa jirani na taniboi bila ugomvi.

Mwaka ule ulikuwa wa ajabu. Baridi kali ilikuwa imeua mibuni ya Brazili mwaka 1975 na bei ya kahawa ikapanda duniani kote. Uganda ya Idi Amin wakulima walikuwa hawalipwi chochote cha maana, kwa hiyo kahawa ilivuka mpaka usiku kwa vichwa vya watu na migongo ya punda hadi soko la Chepkube, na kutoka hapo ikabebwa na malori. Tulilala Bungoma usiku mmoja, nikayaona yakipita yamefungwa turubai, taa zimezimwa nusu. Neno lilikuwa magendo, na lilitamkwa kwa sauti ya chini na kwa wivu. Baba alikataa mzigo huo mara mbili, nami nikamwona mjinga. Miezi miwili baadaye, Februari 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo, na madereva wetu waliozoea kupita Tanzania hadi Zambia wakakosa njia. Njia hiyo ya Zambia ilikuwa na sifa zake. Tangu walowezi wa Rhodesia wajitangazie uhuru Novemba 1965, Zambia ilitegemea malori kutoka bandari ya Dar es Salaam katika barabara mbaya kupindukia, hadi reli ya TAZARA ilipokamilika miaka ya 1970. Mpaka haukufunguliwa hadi 1983. Madereva waliokuwa wakirudi na maneno kutoka Mbeya na Lusaka hawakurudi nayo tena. Sisi wanaisimu tunapotafuta sababu za Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania kuachana, tunataja vitabu na sera. Hatutaji miaka sita ya malori yaliyosimama.

Sisemi maisha yale yalikuwa mazuri, na sisemi baba alikuwa malaika. Aliuza dizeli kidogo kidogo kama wote walivyouza. Lakini kuna kitu kimoja hakukifanya, nacho ni kuteremka fri. Dereva aliyetaka kubana mafuta, ili auze kilichobaki, alitoa gia kwenye mteremko na kuliacha lori lijiendee kwa uzito wake. Baba alinieleza siku moja pale Timboroa: gia ndiyo inayolishika lori mlimani, breki ni za kusaidia tu. Ukitoa gia, breki peke yake zinabeba tani zote, zinapata moto, na zikipata moto hazishiki. Mteremko wa Salgaa na Sachangwan umeandika somo hilo kwa damu miaka mingi. Mwaka 2009, pale Sachangwan, lori la mafuta lilianguka na kushika moto, na zaidi ya watu 100 waliokuwa wamelizunguka wakafa.

Baadaye yalikuja mengine. Katika miaka ya 1980 ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia, dereva wa masafa marefu alifanywa kuwa sura ya ugonjwa wenyewe. Miji ya kulala malori ikasemwa vibaya, na wake wa madereva wakatazamwa kwa jicho la pembeni sokoni. Mjomba alifariki mwaka 1989. Tulimzika kwao. Watu walinong'ona, sisi hatukuuliza.

Nakuja kwenye jambo linalonifanya niandike haya. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa, na sisi walimu vijana tulijiona askari wa usanifu. Mwaka 1986 nilikwenda nyumbani, karibu na Voi, nikiwa na fungu la insha za wanafunzi. Nilizisahihisha mezani usiku kwa taa ya karabai. Baba, ambaye alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia kwa mkono mtupu, maana mwajiri wake alimpa barua ya shukrani na magunia mawili ya unga, alikaa kando yangu. Alijua kusoma polepole. Aliokota insha moja, akaweka kidole kwenye neno nililolipiga mstari mwekundu.

"Hapa mtoto ameandika nini?"

"Taniboi, Baba."

"Na wewe umeandika nini juu yake?"

"Utingo. Ndilo Kiswahili sanifu."

Akanyamaza kitambo. "Utingo," akasema. "Nimeendesha lori miaka 30, sijawahi kuwa naye huyo." Akairudisha insha mahali pake, akaenda kulala. Hakukasirika. Ningependelea angekasirika.

Sina ugomvi na utingo. Ni neno zuri la wenzetu wa Tanzania, na linaishi kwao kama taniboi linavyoishi kwetu. Kosa langu lilikuwa wino. Nilimkata mtoto alama kwa kumwita mtu kwa jina analoitwa, tena mtu ambaye mimi mwenyewe nilikuwa. Nilifanya hivyo miaka kadhaa, na nikawafundisha wengine wafanye hivyo, na huyu binti wa tasnifu amefundishwa na waliofundishwa na mimi. Kile kinyota nilikitia mwenyewe.

Baba alifariki mwaka 1998. Malori ya Bedford hayatengenezwi tena, na machache yaliyosalia utayaona yakibeba mchanga au yamelala kwenye nyasi nyuma ya gereji. Reli mpya ya SGR ilizinduliwa mwaka 2017. Serikali ilipoamuru mwaka 2019 kwamba makasha yote yapitie reli, watu wa Mombasa waliandamana kila Jumatatu, kwa kuwa walijua ni migahawa mingapi, karakana ngapi na vyumba vingapi vya kulala vinavyotegemea lori. Amri hiyo ilibatilishwa mwaka 2022. Kwa hiyo malori bado yapo, marefu na yenye kiyoyozi, na huwasha kwa kitufe. Taniboi wengi hawapo tena. Mji wa Mlolongo nao upo, na jina lake, kwa wanaodhani linatokana na uchaguzi wa kupanga foleni wa 1988, linatokana na foleni ya malori yaliyosubiri mizani. Jina hilo halijatiwa kinyota na mtu.

Mwanafunzi wangu amekubali kuviondoa vinyota, na amekubali kwenda Mariakani na kinasasauti akawatafute wazee waliobaki. Kabla hajatoka ofisini aliuliza iwapo kabari yetu ilikuwa ya mti gani, ili aandike kwenye maelezo ya neno hilo. Nilimwambia ilikuwa ya mkwaju, baba aliichonga mwenyewe. Akaandika.